Kura Zetu Zahesabiwa Namna Gani?

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya halmashauri ya tawi katika darasa la wanachama, siku ya Jumapili. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wenzetu wa zamu waliokosa kufika, wapate kuyasoma kabla ya mkutano mkuu wa tawi.)

Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama, na ninyi dada zetu wa idara ya kufunga bidhaa mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa kabla ya kulala, tunawashukuru.

Leo hatuzungumzi habari za mshahara. Tumekuja kuzungumza habari za kupiga kura, na zaidi habari za namna kura zinavyohesabiwa. Twajua wengine wenu mnajiuliza kama maneno haya yataleta unga nyumbani. Tutawajibu kwa jambo mnalolijua wenyewe.

Mkataba uliopita ulipotiwa sahihi na tajiri, ndani yake kulikuwa na nyongeza ya mshahara, kulikuwa na posho ya nyumba, na kulikuwa na nguo za kazi kwa watu wa mashine. Gari la kuwarudisha nyumbani wafungaji wa zamu ya usiku halikuwamo. Liliombwa, maana lilikuwa namba saba katika orodha ya madai yetu. Tulipofika namba sita tajiri akasema amechoka kutoa, na sisi tulioketi mezani tukatazamana, tukafunga madaftari yetu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa akitembea usiku wa manane kutoka kiwandani hadi kwake. Halmashauri ina watu tisa, na wote tisa twatoka idara ya mashine.

Baada ya miezi miwili wenzetu 41 wa idara ya kufunga waliandika barua za kuondoa makato ya chama. Mwanzo tulikasirika sana. Tuliwaita wasaliti, na mmoja wetu alisema maneno mabaya zaidi ambayo hatutayarudia hapa mbele ya kina mama. Kisha mzee mmoja wa stoo, mtu asiyesema sana, akatuuliza: "Hao watu wana nani katika halmashauri?" Tukanyamaza. Akauliza tena: "Na sisi wa stoo tuna nani?" Tukazidi kunyamaza.

Basi ndiyo sababu ya hoja iliyo mbele yenu. Ina sehemu mbili. Kwanza, kura za tawi zipigwe kwa karatasi na kwa siri, tuache kunyosha mikono. Pili, viti tisa vya halmashauri vigawanywe baina ya idara kwa kadiri ya wanachama wake, na kila idara ichague watu wake yenyewe. Yafaa mjue kwamba halmashauri haikuwa na moyo mmoja. Watano tulikubali, wanne walikataa, na hao wanne wako hapa na watasema sababu zao. Si sababu za kijinga.

Tumeona vema kwanza tuwaeleze mambo haya yalivyokwenda mahali pengine, kwa maana watu wengi hudhani kupiga kura ni kupiga kura tu, kama kula ni kula. Sivyo. Watu wale wale, wenye nia ile ile, wakihesabiwa kwa kanuni nyingine wanaweza kupata viongozi wengine kabisa. Na ile kanuni huwekwa mapema, siku ambayo hakuna mtu anayeitazama.

Tuanze na kwetu. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Kanuni yake ilitokana na taarifa ya Bwana Coutts, aliyetumwa na serikali kuchunguza jambo hilo, nayo ilisema kwamba watu hawana uzito sawa. Mwenye elimu alipata kura, mwenye mapato au mali alipata kura, aliyetumikia muda mrefu alipata kura, na mtu mmoja aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupiga hadi kura tatu. Mwenye kubeba magunia gatini, asiye na cheti wala ng'ombe wa kutosha, hakupata hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru, juu ya hayo, walitakiwa kwanza wawe na cheti cha utiifu kwa serikali.

Katika uchaguzi huo Tom Mboya, katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour, alishinda kiti cha Nairobi dhidi ya wakili Argwings-Kodhek. Waliochaguliwa pamoja naye ni Odinga, Ngala, Muliro, Moi, Mate, Muimi na Oguda. Mtu angeweza kutazamia kwamba waliopata viti kwa kanuni ile wangeisifu. Wao walikataa kuingia katika uwaziri, wakadai viti zaidi vya Waafrika, na wakaendelea kudai kila mtu awe na kura moja. Mwaka 1961 watu wengi zaidi waliandikishwa, lakini bado mpiga kura alitakiwa ajue kusoma na kuandika, au awe na umri wa miaka 40, au awe na cheo au mapato fulani, na viti 20 viliwekwa kwa ajili ya Wazungu, Wahindi na Waarabu. Mwezi wa Mei 1963 ndipo kila mtu mzima alipopiga kura moja. Kutoka kura tatu za mwenye nacho hadi kura moja ya kila mtu ilichukua miaka sita, na vyama vya wafanyi kazi vilikuwa mstari wa mbele.

Sasa juu ya siri. Jambo hili nalo lilianza kudaiwa na wafanyi kazi. Kule Uingereza, mwaka 1838, mafundi na watu wa viwanda walioitwa Chartists waliandika madai sita, na mojawapo lilikuwa kura ya siri. Sababu yao twaielewa hapa bila mkalimani. Siku zile mtu alisema jina la mgombea kwa sauti, mbele ya kila mtu, na mwenye nyumba aliyopanga au mwenye kiwanda alikuwa akisikiliza. Walipeleka maombi yao Bungeni mwaka 1839, mwaka 1842 na mwaka 1848, na mara zote tatu yakakataliwa. Sheria ya kura ya siri ilipatikana kule mwaka 1872, wakati ambapo wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Kwetu tuliipata siri hiyo, kisha tukaipoteza. Vijana wengi mlioketi hapa hamkuwa mmezaliwa, kwa hiyo mtuvumilie tukikaa kidogo juu ya jambo hili.

Mwaka 1986 chama cha KANU, ambacho wakati huo kilikuwa chama cha pekee kwa sheria, kilikata shauri kwamba wagombea ubunge wateuliwe kwa mlolongo. Wanachama walitakiwa wasimame uwanjani nyuma ya mtu wanayemtaka, au nyuma ya wakala wake, wahesabiwe vichwa. Na aliyepata asilimia 70 au zaidi ya watu waliopanga mstari alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa. Kwake hapakuwa na kura ya siri tena. Wakati wa uteuzi wa Februari 1988 watu walipanga mistari, na Machi ukafuata uchaguzi mkuu wa karatasi kwa wale waliobaki.

Tusiwadanganye, mlolongo ulikuwa na watetezi wake na walisema maneno yenye maana. Walisema ni rahisi, hauhitaji karatasi, asiyejua kusoma aweza kuutumia sawasawa na mwalimu, na hakuna mtu atakayeweza kuingiza kura za uongo sandukuni kwa kuwa hakuna sanduku. Haya yote ni kweli. Lakini wazee wawili wa tawi hili walipanga mstari mwaka ule. Mmoja ametueleza kwamba mstari wa mtu wake ulizunguka nusu ya uwanja wa mpira, na mstari wa yule mwingine ulikuwa wa watu wanaoweza kuketi chini ya mwembe mmoja. Jioni matokeo yakatangazwa kinyume. Alipouliza tuhesabu tena, aliambiwa: "Tuhesabu nini? Watu wamekwenda nyumbani." Hapo ndipo palipo kasoro ya mlolongo. Karatasi yaweza kuhesabiwa mara ya pili, hata mbele ya jaji. Mstari ukivunjika, umevunjika.

Na mzee yule wa pili hakuibiwa kitu. Yeye alisimama tu mahali asipopataka, kwa sababu nyapara wake alikuwa amesimama hatua tano mbele yake, na mke wa nyapara ndiye aliyekuwa akiwakopesha unga. Hadi leo hapendi kulizungumza jambo hilo.

Viongozi wa makanisa walisimama wakasema wazi kwamba mlolongo hautendi haki. Gazeti la Beyond la Baraza la Makanisa lilieleza habari za uchaguzi ule wa 1988, na serikali ikalipiga marufuku, na mhariri wake akafungwa. Lakini manung'uniko hayakwisha. Mwaka 1990 KANU yenyewe iliunda kamati chini ya Profesa Saitoti, ikazunguka nchi kusikiliza watu, na mwezi wa Desemba mwaka huo mkutano wa wajumbe ukaufuta mlolongo pamoja na ile kanuni ya asilimia 70. Leo Katiba ya 2010, ibara ya 81, yasema uchaguzi uwe kwa kura ya siri.

Nasi katika tawi letu bado twanyosha mikono. Nyapara hayumo mkutanoni, ni kweli. Lakini twajuana. Mtu humtazama kwanza anayemwazima pesa kabla ya kuinua mkono wake, na sisi tulioketi mezani huwa twaona. Tumeona mikono inayopanda nusu na kushuka.

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili, ambayo ndiyo ngumu. Mnaujua msemo wa wazee wetu: wengi wape. Hakuna mtu hapa anayeupinga. Swali letu ni hili: wape kiasi gani? Wape kilicho chao, au wape vyote?

Kanuni tuliyorithi kwa Waingereza ni kwamba katika kila jimbo anayeongoza ndiye mwenye kiti, hata kama wengi hawakumtaka. Mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kile kipindi kirefu, Rais Moi alirudi Ikulu kwa kura kama asilimia 36. Watu kama 64 katika kila mia walikuwa wamechagua wengine, lakini waligawanyika kwa Matiba, Kibaki na Odinga. Kanuni haikuvunjwa. Ilitaka anayeongoza, awe na robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, basi. Katiba ya 2010 ilibadilisha jambo hilo kwa urais: yatakiwa zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo katika zaidi ya nusu ya kaunti, na akikosekana mtu wa namna hiyo, wawili wa mbele wanarudi kwa wapiga kura. Kwa ubunge wa majimbo 290 hatukubadilisha kitu. Anayeongoza huchukua.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi hautoki Kenya. Unatoka Lesotho, nchi ndogo iliyozungukwa na Afrika Kusini pande zote. Tunaomba mwusikilize kwa makini kwa maana halmashauri ya tawi hili na Bunge la Lesotho la 1998 ni ndugu wa tumbo moja.

Mwezi wa Mei 1998 Lesotho ilichagua Bunge la viti 80. Chama cha LCD kilipata kura kama 60 katika kila mia. Ni ushindi wa kweli, hakuna anayeukana. Lakini katika viti kilipata 79. Chama cha pili, BNP, kilipata karibu robo ya kura zote za nchi, na kiti kimoja. Kiti kimoja, ndugu zangu! Watu wale walikuwa wametawanyika kila jimbo, wakawa wa pili kila mahali, na kuwa wa pili hakuna malipo.

Walioshindwa hawakuamini. Walisema kura zimeibwa, wakaenda kupiga kambi mbele ya jumba la Mfalme mjini Maseru. Tume iliyoongozwa na Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilichunguza. Ilikuta kasoro nyingi za kazi, lakini haikuweza kusema kwamba matokeo hayakuwa nia ya wapiga kura. Tazameni ajabu hiyo. Hata bila kuthibitishwa wizi, robo ya wapiga kura ilibaki na mtu mmoja tu wa kuwasemea. Mwezi wa Septemba majeshi ya Afrika Kusini na ya Botswana yaliingia nchini, na maduka mengi ya Maseru yakachomwa moto na kuporwa. Waliopoteza kazi katika maduka yale hawakuwa viongozi wa vyama.

Baada ya moto kuzimika viongozi waliketi pamoja. Kilichukua muda mrefu, maana walibishana sana juu ya idadi ya viti. Mwisho wakapatana hivi: viti 80 vya majimbo vibaki kama zamani, na viongezwe viti 40 vya kusawazisha, vipewe vyama vilivyopata kura nyingi lakini viti haba. Mwaka 2002 wakapiga kura kwa kanuni hiyo mpya. LCD ilishinda tena, ikapata majimbo 77, ikaunda serikali peke yake. Wengi walipewa. Lakini safari hii BNP ilikuwa na wabunge 21, na vyama vidogo vikapata vyao, hata chama cha wafanyi kazi kilichoanzishwa na watu wa vyama vya viwandani kikapata kiti kimoja. Maseru haikuchomwa.

Kama tungekuwa twataka kuwauzia hoja yetu kama mchuuzi auzavyo dawa, tungekomea hapo. Lakini kuna yaliyofuata. Mwaka 2007 vyama vikubwa vilikuwa vimekwisha kujifunza hila. Kila mpiga kura alikuwa na karatasi mbili, moja ya mtu wa jimbo na moja ya chama. LCD ikapatana na chama kidogo kiitwacho NIP: majimboni watu wachague LCD, na karatasi ya pili waipe NIP. LCD ikapata majimbo 61, na NIP, isiyoshinda hata jimbo moja, ikapata viti 21 vya kusawazisha. Wapinzani wao wa ABC walifanya vile vile, na chombo walichokitumia kilikuwa ni kile kile chama cha wafanyi kazi, kilichopata viti 10. Hatufurahi kuwaambia hayo. Viti vya kusawazisha havikusawazisha kitu. Iliwabidi wabadili sheria tena, iwe karatasi moja tu, na kura ya mtu wa jimbo ihesabiwe pia kuwa ya chama chake. Mwaka 2012 hakuna aliyepata nusu, vyama vitatu vikaungana, na waziri mkuu aliyeshindwa akaondoka kwa amani. Kisha miungano ikaanza kuvunjika, wakapiga kura tena 2015 na tena 2017. Kwa hiyo anayesema kanuni mpya huleta utulivu atuonyeshe utulivu huo. Sisi twasema tu kwamba ilileta watu ndani ya nyumba, na waliomo ndani hugombana kwa maneno.

Sasa hesabu ya kwetu. Tuseme kwa mfano, na si mbali na daftari la mweka hazina, kwamba tawi lina wanachama 600. Mashine wako 320, kufunga 170, stoo na madereva 110. Kwa kanuni ya leo kila mwanachama huinua mkono mara tisa. Mashine ni 320, wengine wote wakijumlishwa ni 280. Mashine wakiamua jambo moja, viti vyote tisa ni vyao, mwaka huu na mwaka ujao na hata watoto wao. Hakuna wizi. Ndiyo Lesotho ya 1998.

Tukigawanya kwa kadiri, wanachama 600 kwa viti tisa ni kama wanachama 67 kwa kiti. Mashine wana viti vinne kamili na mabaki ya watu 52. Kufunga wana viwili na mabaki 36. Stoo wana kimoja na mabaki 43. Viti saba vimekwisha kutolewa, vimebaki viwili, na vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa, yaani mashine na stoo. Matokeo: mashine watano, kufunga wawili, stoo wawili.

Hapo dada zetu wa kufunga walipiga kelele katika kikao cha kwanza, na walikuwa na haki ya kupiga kelele. Watu 170 wapate wawili, na watu 110 wapate wawili? Kijana mmoja karani alituonyesha njia nyingine inayotumika katika nchi nyingi: idadi ya kila idara hugawanywa kwa moja, kwa mbili, kwa tatu na kuendelea, na viti huenda kwa namba tisa zilizo kubwa. Tulifanya hivyo ubaoni. Mashine walibaki na watano, lakini kufunga wakapata watatu na stoo mmoja. Watu wale wale, idadi ile ile, na kiti kimoja kimehama kwa sababu ya kalamu! Kwa njia ya kwanza kufunga wana mjumbe mmoja kwa watu 85, na stoo mmoja kwa watu 55. Kwa njia ya pili kufunga wana mmoja kwa watu 57, na stoo mmoja kwa watu 110. Hakuna njia isiyomwumiza mtu. Halmashauri imependekeza ile ya kwanza, kwa sababu idara yenye mjumbe mmoja hubaki bila mtu siku akiugua au akihamishwa na tajiri. Lakini jambo hili liko wazi, mkutano waweza kuchagua ya pili.

Wanne waliokataa wana neno zito. Wanasema tukigawanya viti kwa idara, kila mjumbe atakuja kusemea idara yake tu, na tajiri atafurahi kuona chama kina vipande vitatu. Wanasema tumeona nchini mwetu jinsi watu wanavyohesabiana kwa kabila, na sasa twataka kuleta mambo hayo kiwandani. Hatuna jibu la kuliua neno hili. Tunachosema ni kwamba vipande vimekwisha kuwako. Barua 41 za kuondoa makato ni kipande. Tajiri ameziona, maana makato hupitia kwa karani wake.

Wengine wameuliza habari za wanawake, ambao katika idara ya kufunga ndio wengi na katika halmashauri hawapo kabisa. Katiba yasema katika mabaraza ya kuchaguliwa watu wa jinsia moja wasipite theluthi mbili. Mabaraza ya kaunti yamewekewa viti vya kuongeza ili jambo hilo litimie. Kwa Bunge, Mahakama Kuu Kabisa ilisema mwaka 2012 kwamba sheria ya kulitekeleza iwe imepatikana kufikia Agosti 2015. Haikupatikana, hata mwezi wa Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge, na Bunge halikuvunjwa. Sisi tunaowacheka wabunge kwa jambo hilo hatuna hata mwanamke mmoja kati ya tisa.

Na jambo moja dogo kabla hatujaketi, ambalo wanachama wengi hawalijui. Ibara ya 97 ya Katiba imeweka viti 12 katika Bunge la Taifa, vinavyogawanywa kwa vyama kwa kadiri ya viti vilivyoshinda, kwa ajili ya vijana, watu wenye ulemavu na wafanyi kazi. Neno wafanyi kazi limeandikwa mle. Majina yapelekwa na vyama vya siasa katika orodha kabla ya uchaguzi. Wakija kutuomba kura, yafaa tuwaulize nani katika orodha yao ametoka kiwandani, na aliwahi kulipa ada ya chama gani.

Sasa utaratibu. Mkutano mkuu utaamua sehemu mbili za hoja mbali mbali, mtu aweza kukubali karatasi na kukataa viti vya idara. Zikipita, mapendekezo yatapelekwa makao makuu ya chama, kwa sababu tawi haliwezi kubadili katiba peke yake, na badiliko lolote sharti liandikishwe kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyi Kazi. Kwa hiyo uchaguzi ujao huenda ukafanyika kwa kanuni ya zamani hata tukikubaliana leo.

Na kura juu ya hoja yenyewe itapigwa kwa kunyosha mikono. Tumeulizwa kwa nini. Ni kwa sababu ndiyo kanuni iliyopo, nasi hatuna ruhusa ya kuivunja ili tuibadilishe. Tumekubaliana na wale wanne kwamba wahesabuji watakuwa watatu, mmoja kutoka kila idara, na kwamba sisi tisa tutaketi tukiwapa mgongo mpaka hesabu iishe.

Mkutano utafanywa saa tisa alasiri badala ya saa nne asubuhi, ili wa zamu ya usiku wapate kulala kwanza. Mwenye swali sasa ainue mkono. Tutaanza na wa stoo.